Milele Tulikuwa Nayo, Jumanne Hatukuwa Nayo

Watu wa kwetu wakisikia kwamba mimi na mume wangu tulikuwa misheni ya kanisa, swali lao la kwanza ni tulibatiza wangapi. Jibu langu huwavunja moyo. Kazi ya kuzunguka mitaani na kufundisha watu wapya ni ya vijana: wavulana kuanzia miaka 18, ambao hutumikia miezi 24, na wasichana, siku zetu kuanzia miaka 19 na tangu mwisho wa 2025 kuanzia 18, ambao hutumikia miezi 18. Wazee wenye ndoa hupewa kazi za namna nyingine. Wapo wanaoshika hesabu ofisini, wapo wanaohudumu hekaluni, wapo wanaofuatilia miradi ya maji au ya viti vya magurudumu. Na wapo wa aina yetu, wanaotumwa kukaa na waumini tu, kuwatembelea na kuwashika mkono viongozi wao, ambao wengi ni vijana na bado wanahangaika kutafuta unga. Barua ya kututuma ilitupeleka Lubumbashi, kusini mwa Kongo, na tulifika huko mwisho wa mwaka 2022.

Kanisa lenyewe lina jina refu: Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Wengi mnatujua kama Wamormoni, kwa sababu ya Kitabu cha Mormoni tunachokisoma pamoja na Biblia. Mwaka 2018 aliyekuwa rais wetu, Russell M. Nelson, alituomba tulitumie jina kamili, na mzee wangu hulitumia lote hata akiongea na kondakta wa matatu. Mimi hapa nitasema kanisa, inatosha.

Niliolewa nikiwa msichana, nikazaa, nikasomesha, nikastaafu, na sikuwa nimewahi kuishi na mume wangu hadi tulipofika Lubumbashi.

Mzee wangu alikuwa karani wa reli Nairobi. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kitale, kwenye shamba la wakwe zangu. Wenye umri wetu mnaujua mpango huo. Mume anapanga chumba kimoja Eastlands, anatuma pesa mwisho wa mwezi, anakuja Pasaka, Agosti na Desemba. Mke anabaki na watoto, ng'ombe, mahindi, wakwe na vikao vya wazazi. Hakuna aliyeona ajabu. Mama yangu aliishi hivyo, baba akiwa bandarini Mombasa. Dada zangu hivyo hivyo. Akija Desemba nilichinja kuku, nikapiga sakafu deki, watoto wakaonywa wasipige kelele. Wiki ya tatu ikifika nilikuwa nahesabu siku za yeye kuondoka, naye pia alikuwa anazihesabu, na wala hatukuwa tumegombana. Alikuwa mgeni, na mgeni akikaa sana mwenye nyumba huchoka.

Yeye ndiye aliyeanza kanisa, huko huko Nairobi, miaka michache baada ya serikali ya Kenya kulisajili mwaka 1991. Akaja nyumbani na Kitabu cha Mormoni cha Kiingereza ndani ya begi, na habari kwamba ameacha chai, maana kanisa letu hukataza chai. Mwanamume wa Kitale kuacha chai ya maziwa! Mama mkwe alidhani anaumwa tumbo. Mimi nilimfuata baadaye kwa miguu yangu na kwa sababu zangu, kitabu kizima kilipotoka kwa Kiswahili mwaka 2000 nikaweza kukisoma usiku bila mtu wa kunieleza. Kisha tukaweka akiba, tukasaidiwa, tukasafiri hadi hekalu la Johannesburg, lililokuwa hekalu letu siku hizo. Sisi tunaamini kwamba mume na mke wakiunganishwa hekaluni, ndoa yao haikatwi na kifo. Tukapiga magoti madhabahuni, tukaunganishwa kwa muda na milele yote. Tulipotua Nairobi yeye alienda chumbani kwake Eastlands, mimi nikapanda basi la usiku la Kitale, maana Jumatatu nilikuwa na darasa.

Milele tulikuwa nayo. Jumanne ya kawaida, ya kuamka pamoja na kuulizana chumvi iko wapi, ndiyo hatukuwa nayo.

Hata alipostaafu akarudi, mambo hayakubadilika sana. Boma letu lina nafasi. Yeye alikuwa na nyuki wake, na kibanda cha wazee pale senta, na safari za kufuatilia pensheni. Mimi nilikuwa na shamba na kina mama wa kanisa. Tulikutana kwenye chakula cha jioni, tukasali na watu wote wa nyumbani, tukalala.

Wazo la misheni lilikuwa lake, na nilikubali upesi kuliko alivyotarajia. Watoto walikuwa wamejitegemea, na mimi nilikuwa nimeshachoka kuamkia ng'ombe. Fomu zilijazwa kupitia kwa rais wa tawi letu, yaani kiongozi wa kusanyiko letu, daktari akatupima kila mahali panapopimika, meno pia. Wengi hudhani kanisa linatulipa. Halitulipi. Wamisionari wazee hujigharimia: kodi ya nyumba, chakula, nauli. Tuliuza ng'ombe, tukategemea pensheni mbili, na watoto wakachanga kila mwezi kwenye kundi lao la WhatsApp, lililokuwa na ugomvi wake ambao hatukuambiwa. Mafunzo tuliyafanya kwa mtandao tukiwa nyumbani, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai ambayo sasa ni ya uji.

Nyumba tuliyopangishiwa Lubumbashi ilikuwa na chumba cha kulala, sebule na jiko, ndani ya kiwanja cha mama mmoja mjane. Nyuma yake palikuwa na kichuguu kirefu kuliko paa. Katanga yote, yaani sehemu ile ya Kongo, imejaa vichuguu vya namna hiyo, hata mjini, na watu hufyatulia matofali udongo wake. Mama mwenye nyumba alikuwa amepanda maboga hadi juu. Mji wenyewe ni wa shaba. Ulianzishwa mwaka 1910 na Wabelgiji, mwaka huo huo reli ilipoufikia kutoka kusini, na bomba refu la moshi la kiwanda cha zamani pamoja na mlima wa masalio ya madini unaviona kutoka kila upande. Kuna mtaa mzima unaoitwa Kenya, wenye soko kubwa, kwa hiyo tukijitambulisha kwamba tumetoka Kenya tuliulizwa upande gani wa soko.

Siku yetu ilianza na maji. Yakitoka, yalitoka alfajiri, na mtu wa kuyapokea alikuwa mzee wangu, ambaye tangu reli hajui kulala baada ya saa kumi. Alijaza mapipa, akachemsha ya kunywa, akayachuja. Umeme ulikuwa na ratiba yake isiyoandikwa popote. Tulikuwa na jiko la gesi na jiko la makaa, na hapo ndipo nilipogundua kitu cha kwanza: mume wangu anajua kupika. Miaka yote ya Eastlands alikuwa akijipikia. Ana namna yake ya kukaanga dengu na nyanya mbichi mwishoni, ana ugali laini ambao mimi ningeuita uji mzito, na husafisha sufuria kabla hajala. Nyumbani Kitale hakuwahi kuingia jikoni hata kuota moto. Nilikaa pale mlangoni nikimwangalia akikata kitunguu kwa ufundi, na sikujua nifurahi au nikasirike. Nilipomuuliza mbona hakuwahi kusema, akajibu, "Mwalimu, hukuwahi kuuliza, na mama yangu alikuwa hai."

Saa moja tulisoma maandiko pamoja, mmoja akisoma kwa sauti. Baada ya hapo kulikuwa na kazi ya siku. Jumanne na Ijumaa tulikagua nyumba za wamisionari vijana: chandarua kimetobolewa? chujio la maji limesafishwa? nani alikula mkate wa nani? Vijana wenyewe walitoka Kinshasa, Uganda, Madagaska, Kenya kwetu, kila mmoja na shati jeupe na tai na beji ya jina. Siku zilizobaki tulitembelea waumini Katuba, Ruashi na huko mtaa wa Kenya, kwa miguu na kwa teksi za kubanana. Jumatatu ilikuwa siku ya maandalizi, ya kufua na kwenda sokoni. Ndiyo siku ambayo vijana hupiga simu nyumbani. Tangu mwaka 2019 wanaruhusiwa kuongea na wazazi kila wiki. Kabla ya hapo ilikuwa Krismasi na Siku ya Mama tu, na mwanangu aliyetumikia zamani hizo bado analalamika kwamba amezaliwa mapema.

Chakula kilitukubali. Ugali wao huitwa bukari, na mara nyingi unga wa mahindi huchanganywa na wa muhogo, ukawa mweupe na wa kunata. Kuna sombe, ambayo ni kisamvu, kuna lengalenga, ambayo kwetu ni mchicha, na hazikuhitaji kuelezwa. Mvua zikianza uyoga hujaa barabarani, mwingine mkubwa hadi unafunika sinia. Kisha huja masuku, tunda la msituni lenye ganda gumu, na mzee wangu alilila hadi nikamfichia. Baridi ya Juni na Julai hatukuitegemea. Tulidhani Kongo ni joto. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200, na asubuhi za miezi hiyo tulivaa sweta mbili mbili.

Kiswahili chao tulikizoea haraka, na chetu kiliwachekesha. Kazi ilikuwa Kifaransa, maana hotuba nyingi za mkutano wa sakramenti, ibada yetu ya Jumapili, zilitolewa kwa lugha hiyo. Mzee wangu, ambaye huko Kitale husimama mbele na kuongea bila karatasi, alikaa kwenye benchi akitikisa kichwa kwa mambo asiyoyaelewa. Ilimuuma. Mimi nilijiunga na watoto wa Msingi, darasa la watoto la kanisa, nikajifunza nyimbo kwa Kifaransa pamoja nao, na watoto hawana huruma, walinisahihisha mbele ya watu. Miezi ikapita nikawa najibu salamu na maswali madogo, na mtu akimuuliza mzee wangu neno, mimi nikajibu.

Sasa nifike kwenye ugomvi, kwa sababu ulikuwepo. Nyumba ya vyumba viwili haina senta wala nyuki. Mtu akinuna saa mbili asubuhi, anakuwa amenuna mbele yako hadi saa nne usiku, na katikati hapo mmeshaenda pamoja kumfariji mgonjwa na kumwimbia wimbo wa upendo.

Mkubwa ulikuwa wa pesa. Kongo hutumia faranga na dola sambamba. Wabadilishaji hukaa barabarani na mabunda ya noti mezani, na dola yenye mpasuko mdogo pembeni haichukuliwi na mtu, hata iwe ya mia. Mzee wangu, karani, alifungua daftari. Alitaka kila nyanya iandikwe, kwa faranga na kwa dola, na kiwango cha siku hiyo. Mimi ndiye niliyelisha boma kwa miaka yote hiyo. Niliuza mahindi nikijua wakati wa kuuza, nikalipa karo, nikajenga nyumba ya mabati, naye alikuja Desemba akaikuta imesimama. Siku aliyoniuliza sokoni, mbele ya muuza samaki, kwa nini nimenunua bila kuuliza bei mara ya pili, nilimwambia, "Baba, ile nyumba unayolala kule Kitale niliijenga bila daftari." Hakujibu. Alikaa kimya hadi kesho yake jioni.

Na tuna desturi ya kupiga magoti pamoja asubuhi na usiku. Hebu jaribu kusali kwa sauti pembeni ya mtu usiyetaka kumtazama. Usiku huo ilikuwa zamu yake. Akamwomba Mungu atupe uvumilivu, akaweka mkazo kwenye "tu" hadi nikajua uvumilivu ni wangu. Kesho yake nilimwombea yeye unyenyekevu. Tuliendelea hivyo siku kadhaa, tukirushiana mawe kupitia mbinguni.

Tuliokolewa na vijana wawili. Katika moja ya nyumba tulizokagua waliishi wavulana ambao hawakuwa wakisemezana, mmoja wa Kinshasa na mwingine wa Uganda. Mmisionari kijana haachani na mwenzi wake: wanakula pamoja, wanafundisha pamoja, wanalala chumba kimoja, na hawachagui ni nani. Kila wiki 6 huweza kuja uhamisho wa kuwatenganisha, ila wiki 6 ni nyingi kama mwenzako anakoroma. Mwongozo wao una utaratibu kwamba mara moja kwa wiki, wakimaliza kupanga ratiba, wakae na kuambiana wazi: kazi inakwendaje, tunasaidianaje, kuna nini kati yetu. Hawa wawili walikuwa wameacha. Mimi nikawakalisha, nikawa mwalimu tena, kila mmoja aseme bila kukatizwa. Yalitoka mambo madogo madogo, kuhusu Lingala kwenye simu na viatu mlangoni, na chini yake lilitoka moja kubwa: baba wa yule wa Uganda alikuwa anaumwa na hakuwa amemwambia mtu.

Tukiwa njiani kurudi mzee wangu akasema, "Nasi tufanye." Sikutegemea. Jumapili jioni, baada ya viporo, tukakaa mezani. Alianza yeye, kwa utaratibu wa ofisi, akisoma kwenye karatasi. Alisema nikiwepo hakuna swali linalomfikia, kwamba mtu akimuuliza hali yake najibu mimi, na kwamba tangu Kifaransa kiingie amekuwa kama mzigo ninaoubeba. Zamu yangu nikamwambia kimya chake kinaniua, afadhali angefoka. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. Akasema hakuwa amekasirika. Nairobi alirudi kutoka kazini saa kumi na mbili, akafunga mlango, na hakukuwa na mtu wa kusema naye hadi asubuhi, mwaka baada ya mwaka. Aliacha kuwa na maneno ya jioni. Hata alipokuja Desemba hakuwa nayo. Nami Desemba zote hizo nilidhani yeye hatupendi.

Hicho kikao cha Jumapili tunacho hadi leo. Kuna siku hakina kitu, anasema kazi inaendelea vizuri, nami nasema vizuri, tunafunga. Daftari la pesa lilibaki, ila nanunua kwanza na yeye anaandika baadaye, bila maoni.

Nyumba ya mama mmoja wa Katuba ndiyo iliyonifanya nilione hili jambo kwa ukubwa wake. Tulipewa jina lake kwa sababu alikuwa ameacha kuja kanisani. Mume wake alikuwa Kolwezi, kilomita 300 hivi kwa barabara, akichimba na wachimbaji wadogo kwenye mashimo ya shaba na kobalti. Alikuja nyumbani pesa ikipatikana. "Bwana yangu eko Kolwezi, mama. Batoto beko na miye tu," alisema, huku akimwogesha mmoja, mwingine mgongoni, sufuria motoni. Alikuwa na miaka kama yangu nilipoachwa kwa wakwe. Wanawake wenzake walimwambia avumilie na asali, maneno mazuri ambayo nami niliambiwa zamani, na ambayo hayatoi kuni msituni. Nilimshika mtoto, nikafua. Tulirudi kila wiki, na sikumhimiza kanisa hata mara moja. Alikuja mwenyewe, akiwa amechelewa, akakaa nyuma karibu na mlango.

Mzee wangu alifanya kitu ambacho nisingekiweza. Aliomba namba ya yule mume, akawa anampigia jioni kutoka uani, pale kwenye kichuguu ambapo mtandao ulishika. Waliongea habari za nauli, mafuta, bei ya mawe, mpira wa TP Mazembe. Siku moja nilimsikia akimwambia kijana wa watu: mpigie mkeo kila jioni, hata kama huna la kusema, mwambie ulikula nini. Mimi sikuwahi kuambiwa alikula nini Eastlands. Yule kijana alikuja mtoto wao mkubwa alipotimiza miaka 8, umri ambao watoto wetu hubatizwa, akambatiza yeye mwenyewe. Kisha akarudi Kolwezi, kwa sababu pesa iko Kolwezi. Hatukuwa na dawa ya hilo.

Jambo lililotugharimu zaidi lilikuwa misiba. Kaka yangu alifariki tukiwa bado mwanzoni. Kwetu mtu hakosi matanga ya nduguye, na wazee ndio wenye kukaa pale mbele. Nauli ya ndege ya wawili ingemaliza pesa yetu ya miezi, na mimi peke yangu sikutaka kumwacha mzee na presha yake. Niliangalia mazishi kwenye simu, mtandao ukikatika jeneza likiwa nusu kaburini. Nilisikia pia yaliyosemwa: wameenda kuhubiria watu wa mbali, wao wenyewe wanazikwa na nani? Waliosema hawakukosea kabisa. Binti yetu naye alijifungua, na mama wa kumpikia uji na kumkanda kwa maji moto alikuwa Lubumbashi akikagua vyandarua. Watu wa kanisa wakisimulia misheni hupenda kusema baraka zililipa yote. Mimi naona baraka zilikuja na hasara ikabaki hasara, kila moja mahali pake. Jioni ile ya mazishi mzee wangu alipika, hakusema neno, akakaa karibu yangu hadi usiku, na kimya kile safari hii nilijua maana yake.

Nusura nisahau habari ya reli. Mapumziko ya mzee wangu yalikuwa kutembea hadi karibu na stesheni kutazama mabehewa ya shaba. Reli ya kule ni ya milimita 1,067 na yetu ya zamani ya Kenya ni ya mita moja kamili. Aliijua tofauti kabla hajaiona, lakini alitaka kuiona. Alipata mzee mwenzake aliyestaafu reli ya Kongo, asiyejua neno la Kanisa wala kutaka kulijua, wakawa marafiki. Walielewana kwa Kiswahili, Kifaransa na mikono. Hakumwalika hata mkutanoni. Nilipomuuliza akasema, "Huyu ni wangu."

Tukiwa huko hekalu la Lubumbashi, lililotangazwa Aprili 2020, lilikuwa bado linajengwa, na waumini walitegemea la Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Niliwaona wanandoa wakiweka akiba kwa miaka kwa ajili ya safari hiyo moja. Kwetu la Nairobi lilifunguliwa Mei 2025, baada ya sisi kurudi, na sasa tunashuka na basi kutoka Kitale, wote wawili, tunarudi na basi, wote wawili. Wakati mwingine tunapita Eastlands. Alinionyesha chumba. Sasa ni duka la vipuri vya simu.

Wanandoa wa hapa kwetu wanaofikiria kwenda wananipigia simu, kwa hiyo nijibu mara moja. Pesa: hesabuni kodi, chakula, nauli, na muongeze ya misiba, maana itakuja. Watoto wachange kabla hamjaondoka, si baada. Dola ziwe mpya, zisikunjwe, zilazwe ndani ya kitabu. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isikae kwenye begi la chini. Miwani bebeni jozi mbili. Mkitumwa Katanga, sweta. Kifaransa kianze leo, hata cha nyimbo za watoto, na mume aanze pamoja na mke. Na mwenye presha au sukari abebe dawa za miezi ya kwanza, pamoja na karatasi ya daktari yenye jina halisi la dawa, kwa sababu rangi ya kidonge mliyoizoea Kitale sio rangi ya kidonge cha Lubumbashi.